Bushi Zimekufa Tena? Uliza Bolti Zilikazwa Gari Ikiwa Juu Ama Chini

MASWALI YA WASOMAJI KUHUSU GARI

SWALI: Habari fundi. Niko na Toyota Fielder ya 2008 otomatiki, naishi Umoja na kazi iko Industrial Area kwa hivyo barabara ninazopita unazijua. Mwaka jana gari ilianza kulia kok kok mbele kushoto kila nikishika breki, makanika akasema ni bushi za kontroli amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, akaweka mpya, nikalipa, ikanyamaza. Hata miezi mitano haikuisha na kelele imerudi vile vile. Yeye anasema niliuziwa feki huko Kirinyaga Road, mwenye duka naye anasema huyo fundi hajui kazi. Nimechoka na wote wawili, nataka kujifanyia mwenyewe kwa pakingi ya ploti, jeki ninayo na spana ninazo. Nitaweza kweli?
Baba Twins, Umoja

JIBU: Baba Twins, kesi ya hao wawili siwezi kuiamua nikiwa huku, na feki ziko tele mjini hilo sibishi. Lakini kuna swali moja muulize makanika wako: wakati anakaza zile bolti kwa mara ya mwisho, gari ilikuwa imekanyaga chini ama gurudumu lilikuwa linaning'inia hewani?

Bushi ukiikata utaona ni bomba la chuma ndani, bomba lingine la chuma nje, na katikati raba iliyoshikanishwa na yote mawili. Bolti ikikazwa lile bomba la ndani linabanwa kabisa kwa krosimemba, yaani ile fremu ya chuma chini ya injini, halizunguki tena. Amu ikipanda na kushuka ni raba ndiyo inajikunja, hiyo ndiyo kazi yake. Sasa ukikaza amu ikiwa imening'inia, raba inajua hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari amu inapanda na raba inabaki imekamuliwa kama kitambaa cha kudekia, hata gari ikiwa imepaki usiku mzima, halafu asubuhi uende ukapige bampu na mashimo juu ya hiyo. Itapasuka tu, hata ingekuwa jenuini ya bei gani. Makanika wengi wanajua hii kitu lakini wako na haraka, gari ikiwa juu bolti iko wazi mbele ya macho, wanapiga spana wanamaliza.

Kwa hivyo ndio, kazi unaweza, lakini kwanza ingia chini na tochi uangalie bolti ya mbele ya amu ya kushoto. Kwa Toyota ndogo nyingi za otomatiki hiyo bolti ikitoka inagonga giaboksi haiishi kutoka, mpaka krosimemba ishushwe na injini ishikiliwe. Ukikuta ni hivyo, huo upande peleka gereji, usione aibu, hiyo si kazi ya pakingi. Ule wa kulia huwa mwepesi na utaufanya vizuri tu, na nakushauri ubadilishe pande zote mbili kwa sababu zilipitia mashimo yale yale.

Kabla hujainua gari, ikiwa imesimama pahali tambarare, chukua tepu upime kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda. Andika hiyo namba kwa chaki hapo hapo kwa fenda, itakusaidia baadaye. Bolti zipulizie oili ya kulegeza kutu jioni ya siku inayotangulia. Legeza nati za gurudumu gari ikiwa chini, vuta handibreki, weka P, ziba magurudumu ya nyuma na mawe mbele na nyuma, ndio uinue. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake bana, hata ya dakika moja, hata kama jirani anakuambia yeye hufanya hivyo kila siku. Weka stendi ya chuma ya kubeba gari, na kama pakingi yenu ni mchanga ama kabro zinazocheza weka ubao mpana mnene chini ya stendi isizame.

Kwa Fielder yako boljointi, ile jointi ya duara inayounganisha amu na gurudumu, imeshikwa kwa amu na bolti moja na nati mbili, kwa hivyo huna haja ya kupigana na ile pini ya juu wala kuchana raba yake ya vumbi. Toa hizo tatu, toa bolti za krosimemba, amu inatoka nzima.

Hapo sasa utaamua kama ni amu mpya nzima ama bushi peke yake. Kama boljointi haichezi na amu haijapinda, bushi zinatosha, lakini usizipigilie na nyundo sakafuni, peleka amu kwa mtu wa presi, mashine ya kusukuma bushi. Kabla azitoe piga alama kwa amu, nyingi zina nafasi zimeachwa wazi ndani ya raba na hizo nafasi lazima ziangalie pande zile zile za mwanzo. Simama hapo uone anasukuma kwa ukingo wa chuma cha nje, akisukuma raba mwambie asimame. Mimi, kama mfuko unaruhusu, ningenunua amu nzima ya kampuni inayojulikana, unaokoa siku nzima.

Kurudisha, ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, kaza kidogo tu zisicheze. Za boljointi unaweza kukaza kabisa. Halafu weka jeki chini ya boljointi, inua polepole mpaka ile namba uliyoandika kwa fenda irudi, stendi ikiwa bado iko pahali pake. Hapo ndipo unakaza bolti za bushi, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo cha kitabu cha gari yako. Rudisha gurudumu, nati zake ni Nyutoni mita 103 kwa hiyo Fielder. Halafu wili alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, hiyo usiruke, ukiruka tairi mpya zitaisha upande mmoja na utaanza kulaumu mtu mwingine tena.

SWALI: Nitajuaje kama ni bushi ama ni stabilaiza linki? Fundi wangu hubadilisha kila kitu halafu anasikiliza.
Mama Demio, Kasarani

JIBU: Huyo anajifunza na pesa yako dada. Linki, kile kifimbo kinachoshika fimbo ya stabilaiza, ikiisha inapiga kelele nyepesi za haraka kwa vibampu vidogo na barabara ya kokoto hata ukienda pole. Bushi ya amu inalia zaidi ukishika breki, ama ukirudi rivasi halafu uende mbele, kwa sababu amu nzima inasogea, na mara nyingi usukani unavuta upande. Mwambie aweke mtaimbo mdogo kati ya amu na krosimemba atingishe mkiangalia wote wawili. Raba ikiwa imeachana na chuma utaona kwa macho yako.

SWALI: Kuna mtu ameniambia nipake oili chafu kwa bushi zinazolia. Sawa?
Probox, Ruiru

JIBU: Hapana. Oili inafanya raba ivimbe na iwe laini, itanyamaza wiki mbili halafu utanunua mpya. Kama inalia ikiwa kavu, mwagia maji kwanza uendeshe kidogo. Kelele ikipotea basi ni raba juujuu na spreyi ya silikoni inatosha, isipopotea rudi kwa mtaimbo hapo juu.