Wasomaji Wanauliza: Mstari Uliowatenga Wakorea

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu Vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953 na mgawanyiko ambao watu wa rasi hiyo wanaishi nao hadi leo. Tumezifupisha kidogo bila kubadili maana.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha historia katika shule ya sekondari. Kitabu kimoja kinasema vita ndivyo vilivyoigawa Korea. Kingine kinasema Korea ilikwisha kugawanywa kabla ya vita kuanza. Niwaambie nini wanafunzi?

JIBU: Mwalimu, kwa upande wa tarehe kitabu cha pili ndicho kilicho sahihi, ingawa cha kwanza nacho kina ukweli wake, kama utakavyoona.

Kwa karne nyingi, chini ya nasaba za Goryeo na Joseon, Wakorea walikuwa taifa moja lenye lugha moja na utawala mmoja. Japani ilipoitwaa nchi hiyo rasmi mwaka 1910, iliwakandamiza wote kwa pamoja: wakulima wengi wakabaki wapangaji katika ardhi waliyoilima, vijana wakapelekwa kwa lazima migodini na viwandani, na mwishoni watu wakashinikizwa kuyaacha majina yao na kuchukua ya Kijapani. Lakini ukoloni huohuo ndio uliowatawanya viongozi waliotarajiwa kuijenga nchi baadaye. Wengine, akiwamo Kim Il Sung, walipigana vita vya msituni huko Manchuria bega kwa bega na wakomunisti wa China; wengine waliunda serikali ya uhamishoni Shanghai; wengine, kama Syngman Rhee, walikaa Marekani kwa miongo mingi wakiitetea nchi yao; na wapo waliobaki nyumbani wakapata vyeo katika polisi na jeshi la mkoloni. Uhuru ulipokaribia, makundi haya hayakuwa na mpango mmoja wala kiongozi mmoja aliyekubaliwa na wote.

Agosti 1945 Umoja wa Kisovieti uliingia vitani dhidi ya Japani na majeshi yake yakaanza kuingia Korea kutoka kaskazini. Washington ilihofu kwamba yangeifika rasi yote kabla ya Marekani kutia mguu. Usiku wa kuamkia 11 Agosti, maofisa wawili wa Kimarekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walitakiwa wapendekeze haraka mahali pa kuyagawa maeneo ya kupokea silaha za Wajapani. Walitumia ramani ya jarida la National Geographic na kuchagua latitudo ya 38 kaskazini, kwa kuwa iliuacha mji mkuu, Seoul, upande wa Marekani. Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alikubali. Hakuna Mkorea hata mmoja aliyeulizwa. Mstari huo haukufuata mto wala mlima wala mpaka wa mkoa wowote. Ulipita katikati ya vijiji, ukauacha umeme na viwanda vikubwa kaskazini, na sehemu kubwa ya mashamba ya mpunga na wakazi wengi zaidi kusini.

Ningeomba jambo moja wanafunzi wako walielewe kabla ya mengine yote. Ujerumani iligawanywa baada ya kushindwa katika vita ilivyovianzisha yenyewe. Huku Asia, Japani iliyovianzisha haikugawanywa. Iliyogawanywa ni Korea, koloni lake, ambayo haikumkosea mtu.

Mgawanyo huo ulikusudiwa uwe wa muda, na mkutano wa Moscow wa Desemba 1945 ukapanga nchi iwekwe chini ya udhamini wa mataifa makubwa kwa kipindi kisichozidi miaka mitano. Wakorea wengi, waliokuwa wametoka kwenye miaka 35 ya kutawaliwa, waliupokea mpango huo kwa hasira, na wakubwa wawili wenyewe hawakuelewana kuhusu nani ashirikishwe. Kila mmoja akaanza kulea serikali ya kumpendeza. Kaskazini, ardhi iligawiwa wakulima mwaka 1946, na wenye ardhi wengi wakakimbilia kusini wakiwa na uchungu mkubwa. Kusini, Wamarekani waliendelea kuwatumia polisi waliofundishwa na Wajapani, jambo lililowaudhi sana wananchi. Katika kisiwa cha Jeju, maasi yaliyoanza tarehe 3 Aprili 1948 yalizimwa kwa ukatili uliowaua maelfu kwa maelfu ya raia, na makadirio mengine yanafika watu 30,000. Kim Ku, mzalendo aliyeheshimika sana na ambaye hakuwa mkomunisti, alikwenda Pyongyang mwezi huohuo kujaribu kuzuia kuundwa kwa serikali mbili. Alirudi mikono mitupu, na mwaka uliofuata aliuawa kwa risasi jijini Seoul. Jamhuri ya Korea ilitangazwa kusini tarehe 15 Agosti 1948 chini ya Syngman Rhee, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Korea ikatangazwa kaskazini tarehe 9 Septemba chini ya Kim Il Sung. Kila serikali ilidai kwamba rasi nzima ni yake.

Mgawanyiko ulikuwapo, basi. Lakini ulikuwa bado mgawanyiko wa serikali, na mamia ya maelfu ya watu waliendelea kuvuka, wengi wao wakielekea kusini. Ukweli wa kitabu chako cha kwanza ni kwamba vita ndivyo vilivyouingiza mgawanyiko huo ndani ya koo na nyumba za watu.

SWALI: Nani hasa alianzisha vita? Nimesikia watu wakiilaumu Marekani, na wengine wakiilaumu Korea Kaskazini.

JIBU: Alfajiri ya tarehe 25 Juni 1950, jeshi la Kaskazini, likiwa na vifaru vya Kisovieti vya aina ya T-34, lilivuka mstari na kushambulia, na siku tatu baadaye Seoul ikaanguka. Juu ya hilo hakuna tena shaka ya maana. Nyaraka za Kisovieti zilizofunguliwa baada ya Vita Baridi zinaonyesha kwamba Kim Il Sung alimwomba Stalin ruhusa mara kadhaa, akakataliwa, kisha akakubaliwa mwanzoni mwa mwaka 1950 kwa sharti kwamba Mao Zedong, kiongozi wa China, naye akubali. Kilichombadilisha Stalin ni pamoja na ushindi wa wakomunisti China mwaka 1949, majaribio ya bomu la nyuklia la Kisovieti, na kuondoka kwa sehemu kubwa ya majeshi ya Marekani kutoka Kusini.

Hata hivyo, jibu la "nani alipiga risasi ya kwanza" halimalizi jibu la "kwa nini". Mwaka mzima wa 1949 majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yakipambana mpakani, hasa katika rasi ndogo ya Ongjin na karibu na Kaesong. Syngman Rhee naye alitangaza waziwazi nia ya kuiunganisha nchi kwa nguvu, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya Marekani isimpe vifaru. Kaskazini ndiyo iliyoshambulia, na dhima ya uamuzi huo ni yake pamoja na waliouidhinisha. Lakini serikali zote mbili zilikwisha kukata shauri kwamba mwenzake hana haki ya kuwapo.

SWALI: Mazungumzo ya kusitisha vita yalianza mwaka 1951, lakini mapigano yakaendelea hadi 1953. Ilikuwaje?

JIBU: Mwaka wa kwanza wa vita ulikuwa wa mabadiliko ya ghafla. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha msaada kwa Kusini kwa sababu mjumbe wa Umoja wa Kisovieti alikuwa akisusia vikao, akipinga kiti cha China kukaliwa na serikali iliyokimbilia Taiwan, na hivyo hakuwapo kupiga kura ya turufu. Baada ya majeshi ya Kusini na Marekani kusukumwa hadi pembeni mwa Busan, bandari ya kusini-mashariki, Jenerali MacArthur wa Marekani, kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa, alitua Incheon, bandari iliyo karibu na Seoul, tarehe 15 Septemba 1950, akaukata mgongo wa jeshi la Kaskazini. Hapo vita vingeweza kukoma kwenye mstari uleule wa mwanzo. Badala yake majeshi ya Umoja wa Mataifa yalivuka na kuelekea mto Yalu, mpakani mwa China, na China ikaingiza mamia ya maelfu ya askari wake. Seoul ilianguka tena Januari 1951, ikarudishwa Machi, na kufikia katikati ya mwaka majeshi yalikuwa yamekwama karibu na pale yalipoanzia. Mji huo ulikuwa umebadilisha mikono mara nne ndani ya miezi tisa.

Kilichochelewesha amani kuliko kingine chochote ni mateka, yaani askari waliokamatwa vitani. China na Korea Kaskazini zilitaka mateka wote warudishwe kwao. Marekani ilishikilia kwamba asiyetaka kurudi asilazimishwe, na maelfu ya Wachina na Wakorea kweli hawakutaka. Stalin hakuwa na haraka ya kuona vita vinakwisha, na ni baada ya kifo chake mwezi Machi 1953 ndipo mambo yalipolainika. Rhee aliyepinga mapatano alijaribu hata kuyavuruga kwa kuwafungulia mateka wapatao 27,000 bila idhini ya washirika wake. Katika miaka hiyo miwili mpaka ulisogea kidogo tu, huku vijana wakifa kwa kugombea vilima ambavyo wengi wetu hatujapata kuvisikia, na ndege za Marekani zikiendelea kuiteketeza miji ya Kaskazini. Pyongyang ilibaki magofu. Kwa ujumla wake vita hivyo viliua watu zaidi ya milioni mbili, walio wengi wakiwa raia.

SWALI: Je, kuna Waafrika waliopigana huko?

JIBU: Ndiyo. Ethiopia ilipeleka vikosi vya askari wa miguu vilivyoitwa Kagnew, vya kwanza vikiwasili mwaka 1951, na Afrika Kusini ikapeleka kikosi cha ndege za kivita. Mfalme Haile Selassie alikuwa na sababu yake: nchi yake ilipovamiwa na Italia mwaka 1935, Shirikisho la Mataifa lilishindwa kuisaidia, naye alitaka kanuni ya mataifa kumlinda anayevamiwa iwe na uzito. Katika mji wa Chuncheon, Korea Kusini, upo ukumbi wa kuwakumbuka askari hao wa Ethiopia.

SWALI: Mimi ni bibi mwenye wajukuu. Huwa naona katika televisheni wazee wa Kikorea wakikumbatiana na kulia. Ni nini kinachowazuia kutembeleana kama ndugu wengine?

JIBU: Mama, asante kwa kuuliza. Mara nyingi historia ya vita hivi husimuliwa kwa majina ya majenerali, na watu hawa husahaulika.

Mstari wa mapigano ulipokuwa ukipanda na kushuka, familia zilikimbia mbele yake. Baba au mwana mkubwa mara nyingi alitangulia, akihofia kuandikishwa jeshini au kuuawa, akiahidi kurudi baada ya siku chache. Desemba 1950, katika bandari ya Hungnam, meli ziliwachukua karibu raia 100,000 kuwapeleka kusini. Wengine wengi walibaki gatini. Mpaka ulipofungwa mwaka 1953, aliyekuwa upande huu alibaki upande huu. Hapakuwa na barua wala simu.

Jambo baya zaidi ni kwamba kuwa na ndugu ng'ambo ya pili kuligeuka kuwa aibu na hatari. Wakati wa vita kila jeshi lililouteka mji liliwasaka wale walioshirikiana na lililotangulia. Katika majira ya kiangazi ya 1950 serikali ya Kusini iliwaua bila mashtaka maelfu mengi ya watu walioorodheshwa katika chama kilichoitwa Bodo, wakidhaniwa kuwa ni wafuasi wa ukomunisti. Majeshi ya Kaskazini nayo yaliwaua maofisa, wenye mali na wafungwa kabla ya kukimbia. Baada ya vita, Kusini, mtoto ambaye baba yake alikwenda kaskazini aliweza kunyimwa kazi serikalini au hati ya kusafiria, na utaratibu huo uliendelea kwa miongo mingi. Kaskazini, kila mtu aliwekwa katika daraja kulingana na asili ya ukoo wake, na ndugu aliyekimbilia kusini lilikuwa doa lililowafuata wajukuu. Wengi waliamua kutowataja ndugu zao kabisa, hata mbele ya watoto wao.

Ukimya huo ulivunjika upande wa Kusini mwaka 1983, shirika la utangazaji la KBS lilipofungua kipindi cha kuwatafuta ndugu waliopotezana ndani ya Kusini kwenyewe. Kilipangwa kiwe kifupi, kikaendelea kwa siku 138, na familia zaidi ya 10,000 zikakutana. Kwa walio ng'ambo, mkutano wa kwanza ulifanyika mwaka 1985; kisha, baada ya viongozi wa nchi hizo kukutana Pyongyang mwaka 2000, ikafuata mikutano kadhaa, mingi ikiwa katika mlima Kumgang. Waliokutana walipewa siku chache na saa za kuhesabu, chini ya macho ya maofisa, kisha wakaagana wakijua kwamba hawataonana tena. Hizo ndizo picha unazoziona. Mkutano wa mwisho hadi sasa ulikuwa wa Agosti 2018. Wakazi wa Kusini waliojiandikisha kuomba nafasi hiyo walizidi 130,000, na walio wengi wamekwisha kufariki bila kuipata.

SWALI: Kisheria, vita hivyo vimekwisha?

JIBU: Hapana. Hati iliyotiwa saini katika kijiji cha mpakani cha Panmunjom tarehe 27 Julai 1953 ilisitisha mapigano tu, na Korea Kusini haikuitia saini. Mkutano wa Geneva wa 1954 uliotakiwa kuleta amani ya kudumu haukufika popote. Tangu hapo majeshi yanatazamana kwenye ukanda wa upana wa kilomita nne unaoikata rasi nzima, Marekani ina askari wapatao 28,500 Kusini, na Kaskazini imejitengenezea silaha za nyuklia. Serikali zote mbili ziliendelea kutamka kwamba Wakorea ni watu wamoja, hata zilipoingia Umoja wa Mataifa kama nchi mbili mwaka 1991. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Kim Jong Un, mjukuu wa Kim Il Sung, aliliacha hata tamko hilo, akaitaja Kusini kuwa adui mkuu na kusema kwamba kuungana tena si lengo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, barabara zilizokuwa zimejengwa kuziunganisha pande mbili zikalipuliwa.