Kabla hujafunga sanduku kwenda utawani

Wasichana wakija kunitembelea hapa Nairobi, swali huwa lile lile: Sista, uliwezaje kukaa miaka yote hii bila mume? Nacheka tu. Kukosa mume hakukunisumbua sana. Aliyenisumbua ni sista niliyepangwa naye jikoni.

Niliingia utawani mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, kumalizika. Mambo yalikuwa yakigeuka, Kilatini tulichokariri bila kukielewa kikiipisha lugha yetu. Ukimya wa usiku, huo haukuguswa. Ikishasaliwa Sala ya Usiku hakuna kusema neno hadi asubuhi. Sasa mwenzangu alikuwa akikwangua sufuria ya uji kwa kijiko cha chuma, polepole, mpaka ukoko wote utoke. Kila alfajiri. Meno yananisisimka na mdomo nimeufunga. Naenda kanisani kuimba zaburi, kijiko bado kinakwangua kichwani. Nilipomlalamikia mlezi wetu, akanikabidhi mimi ile sufuria. Nikanuna wiki nzima, kisha nikagundua kwamba ukoko usipotolewa vile, uji wa kesho unanuka moshi. Na sauti yangu ya kukwangua ilikuwa mbaya kuliko yake.

Kwa hiyo binti, usijipime kwa sala peke yake. Jiulize kama unaweza kula meza moja na watu usiowachagua, bila kungoja shule ifungwe.

Tena usiwe na haraka, maana Kanisa lenyewe halina. Unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza, hauwi chini ya miezi 12, na nadhiri za muda si chini ya miaka 3 kabla ya zile za daima. Wengi hudhani muda huo ni wa shirika kukuchunguza wewe. Nawe lichunguze. Nani ataamua utasomea nini? Mama akiugua, utaruhusiwa kwenda kumuuguza? Ukitoka, utatoka na nini mkononi? Mlezi akikukasirikia kwa maswali hayo, umeshajibiwa.

Nanyi wazazi, punguzeni sherehe. Msichana anaagwa kwa mbuzi wawili, leso na hotuba za wazee mpaka jioni. Miezi sita baadaye akiona huu si wito wake, atarudi kijijini kwa uso gani? Nimeishi na waliobaki kwa sababu ya wale mbuzi. Si rahisi kuishi nao, nasema kweli.

Yule wa kijiko bado tuko naye, macho yamekwisha nguvu. Saa nne namletea chai. Anapapasa kikombe, anauliza ni nani. Namtajia jina.

“Umekoroga sukari?” anauliza. “Sijasikia kijiko.”