Mwanangu, kuhusu hiyo safari ya usiku

Mama, voisi yako nimeisikia. Unauliza Desemba mkienda Tanga na wale wadogo muondoke Arusha usiku wa manane ili walale njia nzima, kama anavyotaka mkwe wangu, au mngoje kukuche. Nilianza kukujibu kwa voisi nikaona bando litaisha sijafika hata Same, acha niandike.

Mi msimamo wangu unaujua, mtoto asafiri akiwa macho. Yani unambeba mtoto kilomita zaidi ya 400 kalala kama gunia la mahindi alafu unamshusha unamwambia haya ndo Tanga, yeye atajuaje ametoka wapi? Kumbe njiani ndo kuna mambo. Milima ya Upare inakufuata kushoto mpaka unaichoka, pale Same upepo mkavu unaingia hadi masikioni, Mombo unakunywa chai huku unaitazama barabara ya Lushoto inavyopanda mlimani, baada ya hapo mkonge, mistari na mistari ya mkonge, mtoto anajaribu kuihesabu analala mwenyewe. Ukikata kushoto Segera joto linabadilika kabisa, linakuwa la unyevu, na Muheza machungwa yamepangwa barabarani.

Wewe hukuviona hivyo. Unasema unaikumbuka ile safari ya kwenda kwa shangazi yenu Tongoni, lakini unachokumbuka ni ndoto zako nyuma ya Corolla, maana baba yenu alitutoa Moshi saa tisa usiku. Na sababu yake ilikuwa hiyohiyo ya mumeo, watoto walale. Akaongeza na mwezi. Ulikuwa mpevu, mkubwa, barabara inang'aa kama imemwagiwa maziwa, akasema mama fulani angalia, hata taa sihitaji. Alifurahi sana na ule mwezi.

Sasa sikiliza. Alikuwa amewaahidi bahari toka Pasaka. Kila mkikataa kuoga, bahari. Kila mkimaliza chakula, bahari. Tukafika Tongoni saa nne asubuhi, ile barabara ya Pangani ilikuwa bado vumbi tupu, kaka yako ametapika kuanzia Korogwe kwenye mfuko wa rambo, na baba yenu hataki hata tuingie kwa shangazi kusalimia kwanza, anapitiliza moja kwa moja mpaka ufukweni. Anawaamsha, anawabeba mmoja huku mmoja huku, "haya fumbueni macho."

Hakuna bahari.

Matope. Mikoko imesimama mizizi nje, ngalawa zimelala ubavu, wanawake wako mbali kabisa wanachokoa pweza, huko walipo ndo kulikuwa na kamstari ka bluu. Wewe ukatazama, ukamtazama baba yako, ukasema, "Baba umetudanganya." Hukulia hata kidogo, na hiyo ndo ilimmaliza. Mtoto wa kulia alishamzoea.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Watu wa bara nyie, si mngeuliza, leo bamvua! Ndo akatueleza pale barazani, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji yanatoka mbali mno na yanarudi kwa nguvu, na pwani yetu hii siku za bamvua asubuhi ya saa nne saa tano huwa yamekupwa, yanajaa saa kumi. Kila siku yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana yake. Kwa hiyo ule mwezi alioutegemea baba yenu umulike njia ndo huohuo uliokuwa umemnyang'anya bahari. Shangazi alivyolisema hilo mbele ya majirani mi nilitamani acheke yeye mwenyewe baba yenu tuyamalize, hakucheka, alienda kukaa kwenye gari. Na kusema ukweli mpaka leo nikiambiwa "watu wa bara" kuna kitu kinanichoma, kwani sisi tungejulia wapi?

Saa nane hivi mkaanza kupiga kelele. Inakuja! Inakuja! Mkawa mnachora mstari mchangani maji yanaufuta, mnarudi nyuma mnachora mwingine, na baba yenu kashuka kwenye gari, suruali kakunja, anachora na nyie. Kufika saa kumi maji yako kwenye minazi.

Sasa hapo ndo najichanganya mwenyewe. Maana tungeondoka asubuhi kama nilivyotaka mimi, tungefika jioni tukakuta bahari imejaa tayari, mngeoga mkalala. Kuiona inarudi msingeiona. Kwa hiyo usiku ulikuwa na faida? Hapana. Ilikuwa bahati, na bahati haipangiwi safari. Mtoto asafiri akiwa macho, hapo sitoki. Ingawa kaka yako angetapika hata mchana, hilo nalo nalikubali.

Siwapangii, gari ni lenu na watoto ni wenu. Mumeo atasema mchana trafiki wanapiga tochi za spidi kila kijiji chenye kibao cha 50, ni kweli. Atasema hata mabasi yameruhusiwa kutembea usiku toka 2023, ni kweli pia, lakini mabasi yana madereva wawili na nyie dereva mmoja, na lori limeharibika bila taa pale Hedaru halijali watoto wamelala au hawajalala. Nimesema siwapangii. Saa kumi na moja alfajiri ingekuwa nzuri lakini.

Kabla hamjachagua tarehe mpigie shangazi umuulize mwezi ukoje, ana simu siku hizi. Beba na kindoo chenye mfuniko kwa ajili ya matapishi, rambo zimepigwa marufuku toka 2019 usije ukahangaika Korogwe. Na baba yako akikupigia usimwambie nimekuandikia haya, yeye kashikilia kwamba siku ile maji yalikuwepo ila nyie mlikuwa na usingizi.