Kompyuta inaijuaje fuwele ambayo haijatengenezwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma fizikia chuoni. Nasikia fuwele za kubadili rangi ya leza siku hizi hutafutwa kwa kompyuta kabla ya kutengenezwa. Je, majibu yake yanaaminika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yanaaminika kwa kiasi, na ni muhimu ujue yanapolegea.

Ukiipa kompyuta aina za atomi na mahali kila moja ilipokaa, inakokotoa tabia ya elektroni kwa nadharia ambayo Hohenberg, Kohn na Sham waliijenga mwaka 1964 na 1965. Ila kazi ya kwanza ni kuchuja. Fuwele ya kugeuza leza ya nanomita 1064, isiyoonekana kwa macho, iwe ya kijani ya nanomita 532, haitakiwi kuwa na kitovu cha ulinganifu, yaani nukta ya katikati ambayo kila atomi ina pacha wake upande wake wa pili. Kati ya makundi 32 ya fuwele, 11 yana kitovu hicho. Hayo tunayaweka kando bila hesabu yoyote. Kisha tunaziondoa zile ambazo nishati yake inaonyesha zitavunjika ziwe misombo mingine.

Ugumu uko kwenye pengo la nishati, yaani nishati ya chini kabisa ambayo mwanga lazima uwe nayo ili fuwele iumeze. Tunalitaka pana, ili fuwele isimeze mwanga wa urujuanimno, na papo hapo tunataka igeuze mwanga kwa nguvu. Mara nyingi pengo likipanuka, nguvu hupungua. Isitoshe, mbinu nyepesi za nadharia hiyo hutoa pengo dogo kuliko la kweli, kwa hiyo fuwele nzuri huweza kuachwa nje. Mtu akikuletea orodha ya fuwele mpya, muulize kwanza pengo alilikokotoa kwa mbinu gani. Asipojibu, mimi orodha hiyo siigusi.

Yapo pia ya maabara. Fuwele ya KBBF, iliyoendelezwa China kwa kazi ya leza, hufikisha leza chini ya nanomita 200, lakini ina berili, ambayo vumbi lake ni sumu, na hukua kwa matabaka kama kurasa za kitabu, kuipata nene ni shida. Ndiyo maana wengi huweka sharti mapema: berili isiwemo.

Jaribu mwenyewe. Ingia Materials Project, hazina ya mtandaoni ya hesabu za misombo, ni ya bure, utafute borati ya bariamu iitwayo BBO. Fuwele yake halisi hupitisha mwanga hadi karibu nanomita 190. Gawanya 1240, namba inayogeuza nanomita kuwa elektroni-volti (kipimo cha nishati), kwa 190, upate takriban elektroni-volti 6.5, kisha ulinganishe na pengo lililoandikwa pale.