Re: Fimbo ya pool ya zamani, nauzaje bila kupigwa?
Salaam mkuu. Umeuliza uuzeje fimbo uliyoachiwa na mjomba hapo Ngamiani, yenye saini ya Balabushka.

Saini isikupandishe presha. George Balabushka, fundi maarufu wa fimbo za pool huko Marekani, alifariki 1975. Baadaye jina lake liliwekwa kwenye fimbo za kiwandani kutoka Japani. Anza na zile pembetatu ndefu za rangi kwenye mkono wa fimbo (ile nusu nene), uziangalie kwa lensi. Ukiona vidoti vidogo vya rangi, hiyo ni stika chini ya vanishi, basi. Mbao zilizounganishwa kweli huonyesha nyuzi zikibadilika mpakani.

Halafu ifungue, bingirisha kila kipande peke yake mezani. Vyote vikienda sawa lakini fimbo nzima inayumba, tatizo liko kwenye kiungo, pale vipande viwili vinapofungana, si kwenye mbao. Na usiiegemeze ukutani, kwa unyevu huu wa Tanga itapinda. Ilaze.

Msasa na vanishi mpya usiguse kabisa! Wakusanyaji wanalipia hali ya awali, hata ikiwa na mikwaruzo.

Pete nyeupe zikiwa za pembe ya ndovu, simama hapo hapo: bila kibali ni kesi.

Weka picha ya kiungo iliyopigwa mchana, pamoja na uzito, ndiyo tuongee bei.