Mwanangu anasema yeye ni mjinga

*Shangazi, kijana wangu ana miaka minane, yuko darasa la pili hapa Wete. Alikwama kusoma mbele ya darasa, wenzake wakamcheka. Tangu hapo hanyooshi mkono na husema yeye ni mjinga. Kwenye chuo cha Kurani, lakini, anasoma Juzuu Amma vizuri. Kila siku namwambia ana akili kuliko wote, na kazi za skuli namsaidia kuzimaliza. Baba yake humtolea mfano wa mtoto wa ami yake. Nifanye nini?*

Mwanangu, nusu ya jibu umeiandika mwenyewe hapo ulipotaja chuo. Zile sura kijana hakuzaliwa nazo: alizirudia, akakosea, akasahihishwa, akarudi kesho yake mpaka zikakaa, wala hakuna aliyemwita mjinga. Muulize ni sura gani iliyomsumbua na aliiweza vipi, kisha mkae jioni na kitabu cha skuli mkisome kwa mwendo huo huo, kifungu kimoja tu kwa siku. Hata hivyo, kuhifadhi kwa kusikia na kusoma maandishi ni mambo mawili, na huenda haoni vizuri ubaoni. Mpeleke kwanza apimwe macho na masikio.

Ile sifa ya akili iache. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walieleza majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano: waliosifiwa akili zao, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walikata tamaa upesi na kufanya vibaya zaidi baadaye kuliko waliosifiwa juhudi zao. Sifa kama hiyo humtia mtoto hofu ya kujaribu, na kijana wako, ambaye ameshachekwa, nadhani hata haiamini. Msifu kwa ulichokiona: kwamba jana alikwama neno lile na leo amelisoma.

Kazi zake usimmalizie, kwani ukimpokonya kalamu unamthibitishia kuwa hawezi. Nyumbani mpe jukumu la kweli. Msimu wa karafuu, mtoto wa umri wake anaweza kuchambua, kuzigeuza kwenye jamvi na kuwaita watu waanue wingu likitanda. Akipuuza, hasara inaonekana, na akiifanya vyema, nyumba nzima inajua ni yeye.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni huo mfano wa mtoto wa ami yake. Baba yake hana nia mbaya, wengi wetu tulilelewa hivyo, lakini mtoto anayelinganishwa kila siku huishia kumchukia ndugu yake na kujidharau, na kusoma kwenyewe hakumjii. Zungumza na mumeo faragha, umwombe amlinganishe kijana na alivyokuwa mwezi uliopita.

Kisha mwone mwalimu wake, bila ya lawama, maana katika darasa lenye watoto wengi huenda kicheko hicho hakukisikia. Mwombe awakanye wanaocheka, na atakapomwita tena kijana kusoma, ampe kifungu mlichokwisha kukifanyia mazoezi nyumbani.