Mwanangu ana usonji na kila akipata upenyo hukimbilia baharini: nifanyeje?

SWALI

Asalaam aleikum, daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka 6. Alipimwa akiwa na miaka 4 tukaambiwa ana usonji (autism). Maneno yake ni mawili matatu tu, na ukimwita jina haitiki. Tunakaa Langoni, Lamu, si mbali na pwani. Tangu mwaka jana ameanza kutoroka. Mlango ukisahauliwa kidogo tu, keshatoka, na njia yake ni moja: gatini. Mara mbili wavuvi wamenirudishia maji yakiwa yamemfika kifuani. Kumpiga nimempiga, na hakuna kilichobadilika. Mama mkwe anasema tumfunge kamba mguuni wakati wa kazi za nyumba, na jirani anasema ni jini la maji linamwita. Dada yake wa miaka 11 ndiye mlinzi wake, lakini naye ana masomo. Je, huu ni usonji au ni ukaidi? Na nifanyeje?

Mama, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Mimi si daktari wa dawa, ni mtaalamu wa tiba ya kazi, yaani wale ambao hospitalini wengi hutuita OT, na watoto wa aina ya mwanao ndio kazi yangu. Nianze na la haraka. Leo hii, kabla ya kulala, tia komeo la pili mlangoni, juu kabisa, asipoweza kufika hata akipanda kiti. Mengine nitayaeleza hapa chini, ila komeo lisingoje.

Ukaidi haumo. Mwaka 2012 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti uliohusisha familia za watoto zaidi ya 1,200 wenye usonji. Karibu nusu ya watoto hao walikuwa wameshajaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufika miaka 4. Watafiti wakawauliza wazazi hao hao kuhusu ndugu wa watoto hao wasio na usonji: kati ya miaka 4 na 7, ni kama 11 tu katika kila 100 waliowahi kutoroka. Mama ni yule yule, nyumba ni ile ile, na tofauti ni kubwa kiasi hicho. Basi anayekwambia hujui kulea, usimsikilize. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba tabia hii hupungua kadiri mtoto anavyokua. Lakini ulionyesha na hili: katika wale waliopotea kwa muda wa kutia hofu, karibu robo walinusurika kuzama. Kwa wenzetu wa miji mingine hatari ya kwanza ni magari. Kwako wewe, mji ambao vichochoro vyake ni vya watu na punda, hatari ni maji, na nguvu zako zielekeze huko.

Sasa, kwa nini anakwenda? Mtoto asiye na maneno husema kwa miguu. Ama anakimbilia kitu anachokipenda, ama anakimbia kitu kinachomuumiza, na tiba ya moja si tiba ya nyingine. Chukua daftari, na kila akitoroka au akijaribu, andika mambo manne: saa, kilichokuwa kikiendelea nyumbani muda mfupi kabla, alikoelekea, na alichofanya alipofika. Fanya hivyo kwa wiki mbili. Ukiona anatoka siku za wageni, ngoma za harusi au spika kubwa, na akifika kichochoro cha kwanza chenye utulivu anasimama, basi anakimbia kelele. Huyo mtengee chumba cha ndani kabisa, punguza sauti, na siku ya shughuli mpeleke kwa shangazi kabla ngoma haijaanza. Ukiona anatoka hata nyumba ikiwa kimya, anapita watu wote bila kuwatazama, moja kwa moja mpaka majini, basi anayataka maji yenyewe. Kwa maelezo yako, naona mwanao ni huyu wa pili. Watoto wengi wenye usonji huyapenda maji kupita kiasi: yanavyokandamiza mwili, yanavyometameta, sauti yake isiyobadilika. Kwao hiyo ni raha ya kweli, na ndiyo maana fimbo haikufua dafu. Fimbo ilimfundisha kukuogopa wewe, bahari ikabaki tamu vile vile.

Hapa ndipo ningependa uweke juhudi zaidi ya mahali pengine popote: mpe njia ya kuomba bahari. Piga picha ya pale pale gatini kwa simu yako, isafishwe studio, itiwe plastiki isiloe, kisha itundike kwenye ukuta wa ndani karibu na mlango, kwa urefu wa macho yake. Mwanzo mnahitajika watu wawili. Mmoja asimame mlangoni. Mtoto akija kuusukuma mlango, wa pili, aliye nyuma yake, ampeleke mkono taratibu aiguse ile picha, aiondoe ukutani, amkabidhi wa mbele. Wa mbele aseme neno moja tu, "Pwani!", na hapo hapo watoke, mkono umeshikwa. Asihutubiwe wala asiambiwe angoje. Siku za mwanzo kila picha ijibiwe, hata kama ni kwenda kugusa maji kwa vidole na kurudi, kwa sababu anajifunza kwamba karatasi ina nguvu kuliko komeo. Akishaleta picha mwenyewe bila kusukumwa mkono, ndipo ufundishe subira: picha mbili kwa mfuatano, kwanza chai, kisha pwani. Ngoja ya kwanza iwe ya dakika moja. Wazazi wengi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto mvivu wa kusema. Hazimfanyi hivyo, kwa baadhi ya watoto maneno huongezeka. Njia hii ya kubadilishana picha ilibuniwa Marekani mwaka 1985 na inatumika nchi nyingi.

Kisha ipe pwani wakati wake. Mtoto wako pengine hasomi saa, lakini adhana anaisikia mara tano kila siku, na kwa kuwa Lamu iko karibu na ikweta, nyakati za swala hazihami sana mwaka mzima. Mkiamua kwamba kila siku baada ya Alasiri ni pwani, akili yake itaishika ratiba hiyo haraka kuliko unavyodhani, na kutoroka kwa saa nyingine kutapungua kwa sababu anajua zamu yake inakuja. Ila tazameni maji. Siku za bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Mtoto mwenye usonji hukariri mahali kama palivyo: saa nne alisimama pale maji yakamfika magotini, saa kumi atarudi pale pale akitarajia magoti. Nashuku hivyo ndivyo wavuvi walivyomkuta amezama mpaka kifuani. Kwa hiyo siku za bamvu mpeleke mchangani mahali palipoteremka polepole, si ngazi za gati ambako hatua moja ni kina.

Nyumbani pia mpe maji. Karai uani, kata, vikombe viwili vya kumiminia, asubuhi na jioni, na mtu ameketi naye. Nasema ameketi naye, kwa sababu mtoto huzama hata kwenye karai, na zile nyumba zenu za zamani zenye birika la kuogea, birika hilo lifunikwe na chumba kifungwe.

Afundishwe kuogelea? Ndiyo, tena mapema. Mwalimu awe mtu mmoja anayemfahamu, mjomba au kaka, mahali pamoja, maneno machache yasiyobadilika. La kwanza si kupiga mbizi wala kasi. La kwanza ni kugeuka chali na kuelea, la pili ni kushika ukingo na kujipandisha. Akishaweza, arudie akiwa na nguo zake za kila siku, maana siku atakayotumbukia hatakuwa na nguo za kuogelea. Msimfundishe kwa tairi wala dumu. Atadhani mwili wake huelea wenyewe. Katika boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, avae jaketi la kuokolea, na kwa kuwa huenda asivumilie mikanda yake, mzoesheni kulivaa nyumbani, kidogo kidogo, kabla ya safari. Na hata akiwa hodari, kuogelea hakumfanyi awe salama peke yake.

Kuhusu kamba. Ya kumfunga mguu nyumbani, hapana, na mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba mtaalamu amekataza. Kamba hunyonga, hukata damu, na moto ukitokea mtoto hana pa kwenda. Na siku ikifunguka, yule aliyefungwa mchana kutwa hukimbia zaidi. Mkanda laini wa mkononi, ncha moja kwake na nyingine kwako, mkiwa mnapita kwenye msongamano, huo ni mshiko tu na hauna neno. Lakini asifungwe kamwe kwenye chombo cha baharini. Komeo nalo liwe la kufunguka kwa ndani na mtu mzima gizani bila kutafuta ufunguo, na utundike njuga au kengele mlangoni ili usiku ikuamshe.

Jirani aliyetaja jini, usigombane naye. Mtoto asomewe dua, kuna ubaya gani? Ninachokataza ni kufukizwa moshi, kuchanjwa chale, kupigwa ili pepo atoke, au kuambiwa mtoto asipelekwe pwani kabisa. Hilo la mwisho litamfanya aitafute kwa wizi.

Dada yake mpunguzie. Mtoto wa miaka 11 anaweza kucheza na mdogo wake, hawezi kubeba roho yake. Tena ajabu ni kwamba watoto hawa hupotea sana nyumba ikiwa imejaa watu, matangani na harusini, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake anatazama. Wekeni kanuni: kila saa mlinzi ni mtu mzima mmoja, anajulikana, na akitaka kuondoka hamuachii hewa. Anamtafuta mwingine anamwambia, "Yuko kwako," na yule anajibu, "Yuko kwangu." Bila jibu hilo, zamu haijahama. Baba yake naye aingie kwenye zamu.

Halafu zunguka na picha yake. Mahamali wa gatini, manahodha, wenye punda, wauza viazi wa pale pwani, imamu wa msikiti wenu. Waeleze kwa ufupi: huyu ni mwanangu, haitiki akiitwa, mkimwona peke yake msimpigie kelele wala msimkimbize kwa nyuma, kwa sababu ataona ni mchezo na mbele yake ni maji. Mtu apite kando, asimame baina yake na bahari, amshike mkono, anipigie. Lamu ina masonara hodari. Mwombe mmoja akuchongee bangili nyepesi yenye namba yako ya simu. Akiikataa, ishone namba ndani ya kola ya kila shati. Nguo za rangi kali, kama njano au ya machungwa, huonekana haraka majini kuliko kanzu nyeupe au bluu.

Akipotea, msianze na nyumba za jirani. Mtu wa kwanza akimbilie majini moja kwa moja, wengine ndio watafute vichochoroni. Kuzama hakuna kelele, na huchukua dakika chache. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo. Apuliziwe pumzi mdomoni, akandamizwe kifua, na mtu aende kutafuta msaada wakati huo huo. Baba, mjomba na wewe mjifunze hilo kwa vitendo kutoka kwa muuguzi, kwa sababu kwa kusoma tu mkono hauzoei.

Mambo mawili ya hospitali. Mwombe daktari apimwe masikio, kama hajapimwa: kutoitikia jina ni kawaida katika usonji, ila uziwi nao hufanana hivyo. La pili ni kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Je, amewahi kuanguka, kukakamaa, au kuzubaa ghafla akikodoa macho bila kusikia hata akiguswa? Ukihisi hivyo, masomo ya kuogelea yasimame mpaka aonwe na daktari, na hata kuoga asiachwe peke yake. Ukiwa huko ulizia idara ya tiba ya kazi, na tathmini ya usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwa shule, kuna vituo vya tathmini ya elimu, EARC, chini ya ofisi za elimu za kaunti.

Daftari likishajaa wiki mbili, niandikie tena: saa zipi, kilichotangulia, na kama picha ya mlangoni ameshaanza kuichukua mwenyewe. Ikiwa kurasa zitaonyesha anakimbia kelele badala ya kufuata maji, tutaanza na chumba cha utulivu na picha ya pwani itangoja.